Kupima Programu kwa Picha Katika Vioo vya Ukubwa Mbalimbali

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya kazi yangu Serikalini. Nimeona nisizungumze juu ya kazi yote, maana tungekesha hapa, na najua wako wanaotaka kufika Kibondo kabla ya giza. Nitazungumza juu ya jambo moja tu. Ni dogo kwa kulitazama, lakini linakula muda mwingi wa vijana ninaofanya nao kazi, na likipuuzwa anayelipa gharama si sisi tulio ofisini bali ni mwananchi wa Heru Juu au wa Mabamba. Jambo lenyewe ni hili: tunapoiagiza kompyuta ipime programu kwa kutazama picha ya kioo, tufanye nini ilhali vioo vya watu havilingani?

Wazee wangu mliokaa mbele naomba msiogope. Sitatumia maneno magumu kuliko yale ambayo mwalimu wetu wa Jiografia alitufundishia ramani.

Nianze na historia kidogo. Serikali yetu ilileta kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha kwa ajili ya hesabu. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Wengi mnaotoka katika miaka hiyo mnaikumbuka hali ya nchi ilivyokuwa, sina haja ya kuieleza. Marufuku ile baadaye ilikwisha. Mwaka 2012 ikaanza kazi Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Tangu 2017 malipo ya Serikali yakaanza kupitia mfumo mmoja ambao ninyi nyote mnaujua kwa jina la kontroo namba, ile namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Na sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani hawakupita vijijini na madodoso ya karatasi, walipita na vishikwambi, navyo baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu. Bila shaka walimu wawili watatu humu wanavyo mikobani mwao sasa hivi.

Nimetaja hayo ili tuone umbali tuliotoka. Zamani mwananchi alikwenda dirishani, akamkuta karani, na karani akikosea aliulizwa pale pale. Leo dirisha lenyewe ni kioo cha simu, na karani hayupo. Kioo kikikosea, mwananchi anadhani yeye ndiye mjinga.

Nitawapa mfano mmoja wa kweli. Mfumo wenyewe sitautaja wala taasisi yake. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kwetu, mkulima wa maharage, alitakiwa kulipa malipo fulani. Akamwomba mjukuu wake amtafutie kontroo namba katika simu. Mjukuu, kwa adabu, akakuza maandishi ya simu ili babu aweze kusoma mwenyewe. Mzee akanakili namba kwenye karatasi, akapanda bodaboda mpaka mjini Kasulu kwa wakala wa fedha za simu. Namba ikakataliwa. Akarudi nyumbani, akaitazama tena, ikawa ile ile aliyoinakili. Akaenda tena, ikakataliwa tena. Nauli mara mbili, na siku ya mwisho ya kulipa ikampita, akaongezewa faini. Kumbe alikuwa na tarakimu 11. Ya 12 ilikuwa imesukumwa nje ya ukingo wa kioo kwa sababu maandishi yalikuwa makubwa na boksi la namba halikuweza kupanuka wala kushuka mstari wa chini.

Sasa sikilizeni sehemu inayonihusu kikazi. Programu ile ilikuwa imepimwa. Ilikuwa na majaribio mengi ya picha, na yote yalikuwa yamefaulu. Ila yalikuwa yamefanyika juu ya kioo kimoja kikubwa cha ofisini, na juu ya kioo kile tarakimu zote 12 zilionekana vizuri kabisa.

Labda mtu atauliza, kompyuta inawezaje kupima programu kwa picha? Ni hivi. Zamani mpimaji alikaa mwenyewe, akabonyeza kila kitufe, akatazama kinachotokea, akaandika. Programu ikibadilishwa hata kidogo ilimbidi aanze upya, na baada ya mara ya kumi jicho likachoka. Ndipo watu wakatunga programu za kupima programu nyingine. Aina moja hufanya kazi kwa macho, kama tunaweza kuyaita hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walitoa chombo walichokiita Sikuli, jina walilolichukua kwa Wahuichol wa Meksiko, ambao kwao neno hilo maana yake ni jicho la Mungu. Unakipa kipande cha picha ya kitufe, nacho kinakitafuta kipande hicho juu ya kioo kizima. Kikikiona, kinabonyeza. Aina nyingine haibonyezi kwa picha; inapiga picha ya ukurasa mzima na kuilinganisha na picha ya kielelezo iliyopigwa siku programu ilipokuwa sawa. Ikikuta tofauti inapiga kelele.

Na hapa ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu picha ya kioo si kitu kimoja.

Kioo cha kompyuta ni shamba la nukta ndogo ndogo, ambazo wataalamu huziita pikseli. Kioo cha kompyuta nyingi za mkononi zilizoko nchini ni nukta 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Ukizidisha, na wanafunzi naomba mzidishe sasa hivi, unapata nukta 1,049,088. Kioo kikubwa cha ofisini ni 1920 kwa 1080, yaani nukta 2,073,600, karibu mara mbili. Ukichukua picha ya kielelezo kutoka kwa mmoja ukailinganisha na ya mwingine nukta kwa nukta, kazi imeharibika kabla ya kuanza.

Mnakumbuka tulivyochora ramani? Mwalimu alichukua atlasi, akachora miraba midogo juu ya ramani ya Tanzania, kisha akachora miraba mikubwa ubaoni, idadi ile ile, akahamisha mstari mmoja mmoja. Pwani ikipita katika kona ya mraba wa tatu katika atlasi, ilipita katika kona ya mraba wa tatu ubaoni. Hakuna aliyejaribu kukata Ziwa Tanganyika kwa mkasi kutoka katika atlasi na kulibandika ubaoni. Na wanafunzi wa kidato cha nne mnajua kwamba katika ramani ya 1:50,000 kilomita moja ni sentimita 2, lakini katika ramani ya 1:250,000 kilomita hiyo hiyo ni milimita 4. Mtu atakayepima kwa rula bila kusoma kipimo cha ramani atapotea. Programu ya kupima kwa picha ni mtu mwenye rula asiyesoma kipimo, mpaka sisi tumsomee.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu, maana vijana wengi huchanganya mambo mawili. Wanadhani kioo chenye nukta nyingi hukikuza kitufe. Sivyo. Kitufe cha nukta 120 kwa 40 kikiwekwa katika kioo cha 1366 ni nukta 120 kwa 40, na kikiwekwa katika kioo cha 1920 ni nukta 120 kwa 40 vile vile. Kinachobadilika ni mahali kilipo. Kama kimewekwa umbali wa nukta 20 kutoka ukingo wa kulia, basi katika kioo kikubwa kinaanzia nukta ya 1780, na katika kidogo kinaanzia nukta ya 1226. Kwa hiyo programu ya kupima iliyoambiwa "bonyeza nukta ya 1800" itabonyeza hewani katika kioo kidogo, kwa sababu nukta ya 1800 haipo. Tofauti ya idadi ya nukta inaharibu mahali.

Kinachoharibu umbo ni kitu kingine, nacho ni ukuzaji. Kompyuta za Windows zina mpangilio wa ukuzaji, asilimia 100, 125, 150 na kuendelea. Kompyuta mpya za mkononi mara nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye 125 au 150, bila mwenyewe kujua. Kwa asilimia 125 kile kitufe kinakuwa nukta 150 kwa 50. Kwa 150 kinakuwa 180 kwa 60. Kipande cha picha ulichokata kwa asilimia 100 hakitalala tena juu yake. Mbaya zaidi, mstari wa nukta moja ukikuzwa kwa asilimia 125 unatakiwa kuwa nukta moja na robo, na hakuna robo ya nukta katika kioo. Kompyuta inalazimika ama kuukata ama kuutia kivuli cha kijivu pembeni. Kwa macho ya binadamu mstari ni ule ule. Kwa kompyuta inayolinganisha nukta kwa nukta, ni mstari mwingine.

Katika simu jambo hili lilipangwa mapema zaidi. Watengenezaji wa Android waliweka kipimo kisichotegemea nukta halisi: kipimo kimoja ni sawa na nukta moja katika kioo chenye nukta 160 kwa kila inchi. Simu yenye upana wa nukta 720 na msongamano wa mara mbili ina upana wa vipimo 360. Simu ya nukta 1080 yenye msongamano wa mara tatu, nayo ina vipimo 360. Mpangilio wa ukurasa ni ule ule katika simu zote mbili, ila picha zikipigwa moja ni kubwa kuliko nyingine. Kumbe basi ukitaka kulinganisha simu, linganisha kwa vipimo.

Tena iko tofauti ya tatu ambayo ndiyo inayowatoa vijana machozi. Kompyuta mbili, nukta sawa, ukuzaji sawa, na bado picha hazilingani. Sababu ni herufi. Kila mfumo wa kompyuta una namna yake ya kulainisha kingo za herufi, mwingine kwa kijivu, mwingine kwa rangi kidogo pembeni. Na kama aina ya herufi iliyotakiwa haimo katika mashine, mashine inaweka nyingine bila kumwambia mtu. Maneno yanapata upana mwingine, mstari unakatika mahali pengine, na ukurasa mzima unashuka chini nukta 18. Picha iliyopigwa katika kompyuta ya kijana mmoja inakataliwa katika kompyuta ya mwenzake anayekaa meza ya pili.

Na ya nne, ukurasa wenyewe hubadilika kwa makusudi. Tangu mwaka 2010, Ethan Marcotte wa Marekani alipoandika juu ya kurasa zinazojipanga kufuatana na upana wa kioo, watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo. Kioo kikiwa chembamba, orodha ya juu inajificha ndani ya mistari mitatu, na safu tatu zinakuwa safu moja. Hii si hitilafu, ni kazi nzuri. Lakini mpimaji asiyejua ataiita hitilafu.

Sasa dawa. Nitasema wazi dawa ninayoipenda na nisiyoipenda.

Nisiyoipenda, na ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni kulegeza. Kijana anaona majaribio 40 yamekataliwa asubuhi, anatazama, anakuta yote ni vivuli vya herufi. Kesho tena. Keshokutwa anachoka, anafungua mpangilio na kuongeza kiasi cha kusamehewa mpaka kelele zinyamaze. Mbwa akimbwekea kila apitaye, mwenye nyumba hatoki tena kuangalia. Lakini ukimfunga mdomo, hata mwizi akija hutasikia. Sikuli kwa kawaida yake huridhika na ufanano wa 0.7, katika kipimo cha 0 mpaka 1. Ukiushusha mpaka 0.5 ili kitufe kipatikane katika vioo vyote, usishangae siku moja kinapobonyezwa kitufe cha "Futa" badala ya "Tuma". Herufi nne kwa nne, rangi moja, umbo moja.

Hebu tufanye hesabu ya ubaoni. Kioo kina nukta 1,049,088. Kijana ameweka kwamba tofauti ya asilimia moja isamehewe. Asilimia moja inasikika ndogo, sivyo? Lakini ni nukta 10,490. Tarakimu moja ya maandishi ya kawaida inakaa katika kiboksi cha nukta kama 10 kwa 16, yaani 160. Kontroo namba nzima, tarakimu zote 12, ni nukta 1,920, ambazo ni asilimia 0.18 tu ya kioo. Maana yake ni kwamba namba nzima inaweza kufutika juu ya kioo na programu ya kupima ikasema kila kitu kiko sawa. Na tarakimu moja, ile ya yule mzee? Ni asilimia 0.015.

Lakini angalieni mambo yanavyogeuka ukipunguza shamba. Usipime kioo kizima. Kata sehemu yenye namba peke yake, tuseme nukta 200 kwa 40, jumla 8,000. Sasa tarakimu moja ya nukta 160 ni asilimia 2. Kwa kiasi kile kile cha kusamehewa cha asilimia moja, hitilafu imeonekana. Hatukununua chombo kipya wala kutumia senti. Tumechagua tu mahali pa kutazama.

Baada ya hapo, ninayoipenda. Ofisini kwetu tumekubaliana kwamba hakuna picha ya kielelezo inayopigwa katika kompyuta ya mtu binafsi. Zote hupigwa katika mashine moja ya kupimia, ambayo haina hata kioo cha kweli. Kioo chake ni cha kufikirika ndani ya kumbukumbu. Kwa kuwa ni cha kufikirika tunakipa ukubwa tunaoutaka, ukuzaji wa asilimia 100, aina za herufi zile zile, na hakibadiliki hata kama mtumishi amehamishwa na kompyuta yake mpya. Vitu vinavyocheza tunavisimamisha: picha zinazotembea, kile kijiti kinachowaka na kuzima mahali pa kuandika, na saa. Tarehe tunaigandisha, au tunaiziba kwa boksi jeusi, maana tarehe ya leo haitafanana na ya jana hata iweje. Na picha haipigwi mpaka herufi zote zimekwisha kupakiwa.

Kisha hatutumii kielelezo kimoja kwa vioo vyote. Tunavyo vitatu kwa kila ukurasa: cha simu nyembamba, vipimo 360 kwa 640, cha kishikwambi, 800 kwa 1280, na cha kompyuta, 1366 kwa 768. Kila kimoja kinalinganishwa na cha ukubwa wake tu. Chombo cha Playwright, kilichotolewa na Microsoft mwaka 2020, hufanya karibu hivyo chenyewe. Huandika jina la kivinjari na la mfumo wa kompyuta katika jina la kila picha ya kielelezo, ili ya mfumo mmoja isije ikapimwa kwa nyingine. Kiko pia chombo cha bure kiitwacho pixelmatch ambacho hujaribu kuzitambua nukta za kulainisha kingo za herufi na kuzipuuza. Ni msaada mzuri, maana kinasamehe mahali panapostahili kusamehewa badala ya kusamehe kila mahali.

Watu huniuliza, je, haiwezekani kuchukua kielelezo kimoja na kukikuza au kukipunguza mpaka kilingane? Inawezekana. Unakijaribu kwa 0.75, kwa 1, kwa 1.25, kwa 1.5, unachukua palipofanana zaidi. Mimi nasema iwe njia ya mwisho, kwa programu za zamani ambazo hazina namna nyingine ya kuingiliwa. Kila kipimo unachoongeza kinaongeza muda, na kinaongeza nafasi ya kukuta kitu kinachofanana kwa bahati mbaya. Picha iliyokuzwa nayo ina ukungu wake.

Lakini dawa kubwa kuliko zote, ndugu zangu, ni kutotumia picha pale ambapo swali lenyewe si la picha. Tunapotaka kujua kama kontroo namba inaonekana yote, hatuna haja ya kubishana na nukta. Kivinjari chenyewe kinajua boksi la namba linaanzia wapi na linaishia wapi, na maandishi yaliyomo yana upana gani. Tunakiuliza maswali mawili tu. Je, ukingo wa kulia wa boksi umevuka upana wa kioo? Je, maandishi yaliyomo ni mapana kuliko boksi? Kama jibu la lolote ni ndiyo, jaribio limeshindwa. Swali hilo lina maana ile ile katika kioo cha 360 na katika cha 1920, na halijali kivuli cha herufi. Vivyo hivyo kitufe cha kutuma: je, kimo ndani ya ukurasa, je, kuna kitu kingine kimelala juu yake? Picha tuiachie yale ambayo maneno hayawezi kuyauliza, kama rangi, nembo, na mpangilio kwa jumla.

Naomba niongeze jambo linalotuhusu sisi watu wa Kiswahili, ambalo vyombo hivi vilivyotengenezwa mbali havitupi onyo lake. Programu nyingi huchorwa kwanza kwa Kiingereza, halafu maneno yanabadilishwa. Submit ni herufi 6. Wasilisha ni 9. Next ni 4. Endelea ni 7. Kitufe kilichotosha Kiingereza barabara kinaikata Wasilisha katikati, na katika simu nyembamba mwananchi anabaki na "Wasili". Basi vielelezo vyetu vyote tunavipiga kwa Kiswahili kwanza. Na kwa sababu ya yule mzee, kila ukurasa wenye namba ya malipo tunaupima pia na maandishi yaliyokuzwa. Simu za Android kuanzia toleo la 14 la mwaka 2023 zinaruhusu maandishi kukuzwa mpaka asilimia 200. Wako watakaosema hakuna atakayekuza hivyo. Waje Kibondo siku ya soko wazitazame simu za wazee.

Mwisho wa yote iko kazi ambayo mashine haiifanyi. Picha za kielelezo zinapobadilishwa, watu wawili huzitazama kwa macho yao kabla ya kuzikubali, na hawaruhusiwi kuzikubali zote kwa mkupuo. Na kabla programu haijatoka, tunaichukua katika simu ya bei ndogo, simu halisi, na kuifungua juani, kwenye mtandao wa kawaida wa wilayani. Najua baadhi ya wakubwa huona hiyo ni safari ya posho. Mimi nasema ni safari ya lazima, na nimeisema hivyo hata katika vikao ambavyo halikupendeza.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa imekwenda. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule tumeandaa kompyuta mbili katika chumba cha kompyuta, za aina moja na zenye vioo vya nukta 1366 kwa 768. Moja iko kwenye ukuzaji wa asilimia 100, nyingine 125. Baada ya chai wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waingie kumi kumi. Katika ile ya kwanza mtakata picha ya kitufe, mhesabu nukta zake. Kisha mtakitafuta kitufe hicho katika ya pili kwa ufanano wa 0.9, halafu 0.7, halafu 0.5, na mtaandika kila mara kilichobonyezwa. Njooni na daftari na rula. Walimu wenye vishikwambi tafadhali viacheni juu ya meza ya mbele, tutavihitaji kwa sehemu ya pili.